Tupeane uzoefu: kazi ya ajenti kituoni, kuanzia sili hadi Fomu 34A

Wakenya wenzangu, uchaguzi wa 2027 unabisha hodi, na vyama vimezoea kusaka maajenti siku zikiwa zimeyoyoma. Wanaoijua kazi hii, wekeni hapa yale ambayo barua ya chama haikuambii.

Wa Kisauni: Kituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Ajenti awe mlangoni saa kumi na moja, na barua yake na kiapo cha usiri mkononi. Masanduku yote sita huonyeshwa yakiwa matupu, kisha yanatiwa sili. Nakili nambari za sili. Usipozinakili alfajiri, jioni huna cha kulinganisha.

Wa Bungoma: Vidole vya mkulima husuguliwa na jembe hadi mashine ya KIEMS, ile ya kumtambua mpigakura kwa alama za vidole, ikashindwa kuvisoma. Hapo karani humtafuta mpigakura kwa nambari ya kitambulisho, na Fomu 32A hujazwa. Hesabu fomu hizo wewe mwenyewe. Kituo kimoja hakizidi wapigakura 700, kwa hiyo daftari dogo linatosha.

Wa Nakuru: Saa kumi na moja jioni ikifika, aliye kwenye foleni bado anapiga kura, msikubali afukuzwe. Kuhesabu huanza na kura za rais. Kila karatasi ikunjuliwe, muione. Isiyo na muhuri wa tume ya uchaguzi (IEBC), iliyowekwa alama kwa wagombea wawili, au isiyo na alama yoyote, hukataliwa. Lakini alama iliyotoka nje ya kisanduku haiharibu kura ikiwa nia ya mpigakura inaonekana wazi. Maajenti wengi hupoteza kura halali hapa. Pinga papo hapo, kabla karatasi haijachanganywa na nyingine.

Wa Kisumu: Mimi naona kazi yote ni Fomu 34A, ile ya matokeo ya kura za rais kituoni. Usiku wa manane watu wamechoka, 153 inaandikwa 135, au kura zilizokataliwa zinaingia mstari wa kura halali. Jumlisha upya kabla ya kutia sahihi. Mkitofautiana, omba kura zihesabiwe tena. Sheria inaruhusu hivyo mara mbili, si zaidi. Kukataa sahihi kwa hasira hakubatilishi matokeo. Una sababu? Iandikwe kwenye fomu. Chukua nakala yako, na upige picha ile inayobandikwa mlangoni.

Tangu uamuzi wa kesi ya Maina Kiai mwaka 2017, hesabu ya kituoni haibadilishwi huko juu kwenye vituo vya kujumlisha kura. Na Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba mwaka huo, fomu na namna zilivyosafirishwa ndizo zilizobishaniwa. Mwaka 2022 tume iliziweka 34A mtandaoni, kwa hiyo picha yako inaweza kulinganishwa nazo asubuhi yake.

Wa Kisauni: Ongezeni tochi na pawabenki. Umeme ukipotea katikati ya hesabu, ajenti asiye na mwanga haoni karatasi inahamia fungu gani.