Toleo thabiti au toleo la majaribio: lipi la kuhariria mahojiano marefu?

Mtayarishi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninahariri mfululizo wa mahojiano ya sauti, na kila mahojiano yana traki mbili, ya mwulizaji na ya mhojiwa, zinazozidi saa moja. Programu ninayoitumia iko katika toleo lake thabiti na kwa sehemu kubwa inanitosha. Tatizo ni kwamba kila ninapotaka kuondoa mvumo wa feni inanilazimu kukadiria kiwango, kusubiri traki nzima ichakatwe, kusikiliza, kisha kutengua na kuanza upya nikikuta sauti ya mhojiwa imekuwa kama inatoka ndani ya mtungi. Toleo la majaribio la programu hiyohiyo limeshatolewa, na ndani yake mtu husikia matokeo papo hapo huku akirekebisha.

Kinachonizuia ni onyo lililo kwenye ukurasa wa kupakulia, linalosema toleo hilo lisitumiwe kwa kazi muhimu. Kazi hii ni muhimu kwangu, kwa sababu baadhi ya waliohojiwa hawatapatikana tena. Naomba wenye uzoefu wanieleze: je, ni busara kuhamia toleo la majaribio mfululizo ukiwa bado unaendelea, na kama kuna hatari, hatari yenyewe iko wapi hasa?

Fundi Sauti

Ndugu mleta mada, nitaanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo la msingi.

Wengi wakisikia toleo la majaribio huogopa programu kuganda au kujifunga ghafla. Hilo linaudhi, lakini programu nyingi za siku hizi hujiwekea akiba ya kazi kila baada ya muda mfupi, na ukifungua tena hukurudishia sehemu kubwa ya ulichofanya. Hatari ninayoihofia zaidi haipigi kelele, nayo ni muundo wa faili la mradi. Kwa kawaida toleo jipya hufungua miradi ya zamani bila shida na kuihifadhi katika muundo wake mpya, na kazi yote utakayoifanya kuanzia hapo huenda isifunguke tena katika toleo ulilotoka.

Audacity, programu huria ya kurekodi na kuhariri sauti, ni mfano mzuri katika toleo lake la 3.0 lililotoka Machi 2021. Kabla yake mradi ulikuwa faili dogo la aup likiambatana na folda ya vipande vya sauti, kila kimoja kisichozidi takriban megabaiti moja, hivi kwamba saa moja ya mazungumzo ilikuwa na mamia ya vipande, na mtu aliyehamisha faili akaiacha folda alibaki na mradi usio na sauti. Toleo la 3.0 likaweka kila kitu ndani ya faili moja la aup3, ambalo kwa undani ni hifadhidata ya SQLite. Yalikuwa mabadiliko mema, lakini matoleo ya 2 hayawezi kabisa kusoma aup3. Aliyehamia, akafanya kazi, kisha akataka kurudi, ilimbidi atoe traki zake kama mafaili ya WAV, yaani sauti isiyobanwa, na kuunda mradi upya.

Kwa hiyo usihame ukiwa katikati ya mahojiano yoyote. Yaliyoanzwa kwa toleo thabiti yamalizwe kwa toleo thabiti, na majaribio yaanzie kwenye mahojiano mapya. Pia tenganisha kurekodi na kuhariri. Kwa kurekodi, usitumie toleo la majaribio hata siku moja, kwa sababu uhariri ulioharibika hurudiwa, ilhali mtu aliyekwisha kuzungumza hawezi kuyasema tena maneno yake vilevile. Rekodi ghafi ihifadhi kama WAV, mahali ambapo huifungui ili kuhariri, na ukubwa wake usikutishe: stereo ya biti 16 kwa hezi 44,100 huchukua takriban megabaiti 10 kwa dakika.

Wimbi

Nakubaliana na Fundi Sauti kuhusu muundo wa faili, ila nisingependa mleta mada aondoke hapa akiamini kwamba toleo thabiti humlinda mtu siku zote. Chukueni Audacity hiyohiyo. Toleo la 1.2.6 lilitoka mwaka 2006 na likaendelea kuhesabiwa kuwa ndilo thabiti kwa miaka mingi, huku kazi ya maana ikifanyika katika mfululizo wa majaribio wa 1.3, hadi toleo la 2.0 lilipotoka Machi 2012. Katika kipindi hicho zilikuja Windows Vista na Windows 7, na watengenezaji wenyewe wakawa wanawaelekeza watumiaji wa mifumo hiyo kwenye 1.3. Hata uwezo wa kurejesha kazi baada ya programu kujifunga ulikuwa ndani ya 1.3, wala haukuwamo ndani ya 1.2. Aliyeng'ang'ania toleo thabiti wakati huo alikuwa katika hatari kubwa kuliko jirani yake wa majaribio.

Ndiyo maana kabla ya kuamua huangalia toleo thabiti lilifanyiwa marekebisho lini mara ya mwisho, kisha husoma orodha yote ya hitilafu zinazojulikana katika toleo la majaribio. Hitilafu ya rangi ya menyu naipita. Nikikuta inayohusu kuhifadhi mradi, traki ndefu, au traki mbili kuachana kidogo kidogo kadiri muda unavyokwenda, nasubiri, hata kama hicho kipya ninakitamani kiasi gani. Kwa mahojiano ya traki mbili hilo la mwisho ni baya mno, kwa sababu dakika za mwanzo husikika sawasawa na kasoro hujitokeza mwishoni, pale ambapo wachache huwa wanasikiliza kwa makini.

Mtayarishi

Nawashukuru nyote wawili. Naomba kuongeza maswali mawili. Je, matoleo yote mawili yanaweza kukaa kwenye kompyuta moja bila kuingiliana? Na nitajuaje kwamba toleo la majaribio halibadilishi sauti kwa namna ambayo masikio yangu hayaigundui?

Fundi Sauti

Kukaa pamoja yanaweza, mradi yasichangie mipangilio, kwa sababu la majaribio likiandika juu ya mipangilio ya mwenzake utapata matatizo hata ukirudi kwenye lile thabiti. Lisakinishe kwenye folda yake pekee. REAPER, programu nyingine ya kuhariri sauti, kwa mfano, wakati wa kusakinisha hukupa nafasi ya kuchagua nakala ya kubebeka, ambayo mipangilio yake yote hukaa ndani ya folda hiyohiyo.

Kuhusu sauti, kuna jaribio ambalo naliamini kuliko masikio ya mtu yeyote. Chukua kipande cha dakika chache, ukikate, ukiunganishe na kukiongeza sauti kwa kiwango kilekile katika matoleo yote mawili, kisha toa mafaili mawili ya WAV ya biti 32. Usitoe ya biti 16, kwa sababu programu nyingi huongeza kelele hafifu ya nasibu wakati wa kupunguza biti, na kelele hiyo haijirudii ikiwa ileile. Fungua mafaili yote mawili katika mradi mmoja, yapange yaanze pamoja, geuza wimbi la mojawapo juu chini, kisha yachanganye. Yakiwa sawa yatafutana na utabaki na mstari mnyoofu. Kikibaki chochote, kikuze usikilize: mlio mfupi penye kiungo una maana kwamba mkato umesogea, na mazungumzo yote yakisikika kwa mbali ujue kiwango cha sauti kimebadilika.

Jaribio hili halitakusaidia kwa kifaa kipya cha kuondoa mvumo, kwa kuwa hapo tofauti inatarajiwa. Kwa hilo tumia hedifoni nzuri na usikilize herufi kama s na f, ambazo ndizo huharibika kwanza kiwango kikizidi.

Mhifadhi

Nyongeza yangu ni fupi. Unapofungua mradi wa zamani kwa toleo la majaribio, fungua nakala, usiguse mradi halisi. Tena, kama unatumia Audacity, usinakili faili la aup3 likiwa wazi ndani ya programu. Kando yake huwepo faili jingine ambalo jina lake huishia kwa wal, na mabadiliko ya karibuni yanaweza kuwa bado yamo humo, kwa hiyo funga programu kwanza ndipo unakili.

Ukikuta hitilafu, tafadhali usirudi kimyakimya kwenye toleo thabiti. Waandikie watengenezaji namba kamili ya toleo, mfumo endeshi wako, hatua ulizopitia tangu kufungua faili, ulichotarajia na kilichotokea. Traki za zaidi ya saa moja huibua matatizo ambayo vipande vifupi vya kujaribia haviyaonyeshi, kwa hiyo ripoti yako itakuwa na uzito. Wakihitaji sauti ya mfano, rekodi yako mwenyewe ukisoma lolote, wala usipeleke kipande cha mhojiwa, kwa kuwa ripoti za programu huria kwa kawaida huwa wazi kwa kila anayepita.