Mrejesho: risasi ya .308 kwa kulungu wa Texas

Wakuu, niliuliza risasi gani ya .308 (kipimo cha bunduki) inafaa kulungu wa mkia mweupe huko Texas, na nilenge wapi. (Hapa Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo Nairobi ni kulenga karatasi tu.) Asanteni.

Nimechagua ya greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), ncha laini inayotanuka ikigonga. Ile iliyofunikwa shaba hadi nchani nimeiacha: hupenya bila kutanuka, mnyama akakimbilia mbali na tundu dogo lisilovuja damu.

Kulenga: akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, theluthi moja ya kifua kutoka chini, nyuma kidogo ya bega. Hapo ni mapafu, eneo la kama sm 20. Akiwa amegeuka mshazari kwenda mbali nawe, lenga risasi itokee bega la upande wa pili. Wengi hukosea hapa, wakapasua tumbo. Akikutazama kwa kifua, subiri ageuke.

Bunduki iliyorekebishwa ipige shabaha sawasawa kwa mita 100, kwa mita 200 risasi hushuka zaidi ya sm 10.

Ukishapiga, damu ya waridi yenye povu ni mapafu: ngoja nusu saa kabla ya kumfuata. Nyeusi-nyekundu ni ini: saa kadhaa. Ikiwa na majani yaliyosagika ni tumbo: hata zaidi. Ukimfuata mapema anainuka na kupotea.