Marudio ya uchaguzi wa meya Kampala 2011, ulikuwa wapi? Tupeane uzoefu

Muuza Mabati, Katwe
Wakuu, salaam. Jana tulikuwa tunavunja ukuta wa kibanda cha jirani. Mabango ya uchaguzi yamebandikwa moja juu ya jingine, tukawa tunayabandua kama maganda ya kitunguu. La chini kabisa ni la 2011. Nikasimama na nyundo mkononi, nimekumbuka Jumatano ile ya tarehe 23 Februari: asubuhi tunapiga kura, siku hiyohiyo uchaguzi unasimamishwa kwa kuwa zimekutwa karatasi zilizotiwa alama tayari. Tukaitwa tena Jumatatu, tarehe 14 Machi. Kura yangu halali ilifutwa pamoja na za wizi. Iliniuma na bado inaniuma. Aliyekuwepo aeleze.

Dereva wa Kawempe
Hata mimi. Nililaza taksi siku mbili na tajiri anataka hesabu yake.

Mama Chapati, Kisenyi
Banange, mmenigusa pabaya. Mimi nilikwenda na mwanangu wa miaka mitano, sikuwa na wa kumwachia. Walibaki watu kama kumi mbele yangu, mtu akapiga kelele, "Sanduku lina kura!" Watu wakasukumana, meza ikapinduka, beseni tunalopigia kura likabingirika, karatasi zikamwagika vumbini. Niliziona kwa macho yangu, zimekunjwa nne nne kwa pamoja. Mpiga kura mmoja anapewaje nne?

Kisha moshi wa kutoa machozi. Nikashika mkono wa mtoto, nikakimbia nimefumba macho mpaka ng'ambo ya mfereji. Kufumbua, mkono nilioushika si wa mwanangu! Ni mtoto wa mwenzangu tuliyekuwa naye kwenye foleni. Wangu hayupo. Nilizunguka tangu saa sita mpaka adhana ya alasiri. Nikaokota kandambili yake moja, ya bluu, kamba imekatika. Hapo miguu iliniisha nguvu.

Nilimkuta kwa fundi cherehani, chini ya meza, amelala juu ya vipande vya vitambaa. Mzee wa watu amemfunika kwa kanzu ya mteja.

Tarehe 14 Machi nilirudi. Karani akatazama ukucha wangu: "Mama, umeshapiga." Wino wa kura ya rais ya tarehe 18 Februari ulikuwa haujatoka! Nikamwambia sitoki hapa. Mpaka msimamizi alipofungua daftari, akaona jina langu halijatiwa alama. Nikapiga.

Binti Naguru
Na yule mtoto wa mwenzako?

Mzee wa Makindye
Hata mimi nasubiri hilo.

Mama Chapati, Kisenyi
Nilizunguka naye mgongoni. Mama yake ndiye aliyenikuta akaniambia kuna mtoto analia kwa fundi. Tulikumbatiana pale barabarani kama ndugu.

Kijana wa Nakawa
Poleni. Lakini huu si ndio uchaguzi mdogo uliokuja baada ya madiwani kumwondoa meya Lukwago?

Mzee wa Makindye
Hapana, kijana. Machi 2011 ni marudio, na ndipo Lukwago alipomshinda mpinzani wake Sematimba. Madiwani walipiga kura ya kumwondoa Novemba 2013, mambo yakaenda mahakamani, na uchaguzi mdogo uliozungumzwa haukufanyika. Tulikaa hivyo hadi 2016, akashinda tena. Usichanganye.

Kijana wa Nakawa
Marudio, uchaguzi mdogo, yote si kurudi foleni?

Mzee wa Makindye
Si yote! Marudio ni kura yako iliharibiwa. Uchaguzi mdogo ni kiti kimebaki wazi. Haki inayodaiwa ni tofauti.

Dereva wa Kawempe
Na tukumbuke ile sheria ya jiji la Kampala ya 2010 ilileta mkurugenzi mtendaji, ndiye mwenye kusimamia fedha na wafanyakazi wa jiji. Tuliumia hivyo kwa kiti ambacho hata shimo la barabarani hakiwezi kuliziba peke yake.

Mama Chapati, Kisenyi
Kaka, mimi sikuumia kwa ajili ya shimo. Niliumia kwa ajili ya jina langu kwenye lile daftari.

Binti Naguru
Nasikia wengine hujaribu kuutoa wino kwa ndimu na chumvi.

Mzee wa Makindye
Usikwangue! Ukionekana umekwangua utaitwa mwizi. Mwambie karani atazame daftari, basi.

Kijana wa Nakawa
Mimi nashauri piga kura saa moja asubuhi, rudi kazini.

Dereva wa Kawempe
Ukirudi kazini nani atatazama zikihesabiwa? Zinahesabiwa palepale kituoni, hadharani. Kaa.

Binti Naguru
Akae na mtoto? Wenye watoto warudi nyumbani, wengine wakae. Mama, fundi yule yupo bado?

Mama Chapati, Kisenyi
Yupo, ila macho yamechoka. Mwanangu ndiye anayemtungia uzi kwenye sindano.

Dereva wa Kawempe
Muuza Mabati, hilo bango usilitupe. Nitapita kesho nilione.

Muuza Mabati, Katwe
Limechanika katikati, lakini uso unaonekana. Njoo kabla ya saa nne, mafundi wanaanza kupiga plasta.