Nina bastola ya Ceska P-07 na cheti, naenda mafunzo ya siku mbili ya kujihami: nijiandae vipi?

Mama_Duka
Habari zenu wadau. Nina cheti cha silaha na Ceska P-07 ya 9mm, ile ya kishushio cha nyundo (kitufe cha kushusha nyundo bila kufyatua), haina sefti ya kuweka kwa mkono. Karatasi ya mita saba nikiwa nimesimama naipata vizuri. Kuchomoa kwenye holsta (ala ya bastola) sijawahi kufundishwa, na hapo ndipo naona pengo, maana bastola ninayobeba haitanisubiri niitoe kwenye boksi.

Nimepata mafunzo ya siku mbili hapa Kiambu. Wanataka risasi 300, magazini tatu, mkanda mgumu na holsta ya kiunoni "isiyo ya nailoni". Nina magazini mbili zilizokuja na bastola na holsta ya nailoni. Naomba kujua: (1) niende moja kwa moja au nitafute ya siku moja kwanza? (2) holsta ya nailoni ina kosa gani? (3) nifanye nini nyumbani hizi wiki tatu zilizobaki?

Renji_Kavu
Dada, kabla ya kutuma pesa mpigie mkufunzi umuulize mambo matatu. Uwanja wake ni "baridi" au "moto"? Baridi maana yake bastola inakaa tupu mpaka mpewe amri ya kujaza. Moto maana yake inakaa imejaa muda wote na wewe ndiye unayeichunga. Ambaye hajawahi kuchomoa aanzie baridi. La pili, wanafunzi wangapi kwa mkufunzi mmoja? Mkianza kuchomoa, watu wanne au watano kwa jicho moja wanatosha. Akikwambia kumi na mbili na yuko peke yake, achana naye. La tatu, kuna mtu uwanjani mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, vifaa vya kuzuia damu, na gari lililotengwa la kukimbiza majeruhi? Akisitasita kwenye hilo la tatu, usiende.

Siku mbili si nyingi kwako kama asubuhi yote ya kwanza ni kuchomoa na kurudisha bastola ikiwa tupu. Kama ratiba inaanza na kupiga huku mnatembea, hiyo si ya kwako bado.

Fundi_Chuma
Swali la pili. Nailoni hujikunja ukishachomoa. Mdomo wa holsta ukifunga inabidi uupanue kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mtutu unapita mbele ya vidole vyako kila unaporudisha. Pia kitambaa laini au kamba yake inaweza kuingia mbele ya triga, ukisukuma bastola chini inalia ikiwa pajani. Tafuta ya kaideksi (plastiki ngumu) au ngozi nene yenye mdomo unaobaki wazi, inayofunika triga yote, na iliyotengenezwa kwa P-07 hasa. Ile ya "saizi zote" iache dukani.

Kipimo chake ni rahisi: bastola tupu ndani ya holsta, igeuze juu chini utikise juu ya kitanda. Ikianguka, kaza skrubu au rudisha ulikonunua. Halafu mkanda. Mkanda wa suruali wa kawaida unapinda, holsta inafuata bastola juu unapochomoa. Upana wa mkanda na matundu ya holsta vilingane, zisicheze.

Holsta za kwapani na za mgongoni hazikubaliwi kwenye mafunzo mengi, na ni haki. Ya kwapani mtutu unawapitia wote walio nyuma na pembeni yako.

Magazini ya tatu nunua. Andika 1, 2, 3 kwa kalamu ya wino mzito kwenye vitako. Bastola ikikwama mara tatu na zote ni magazini namba 2, umemjua mgonjwa. Bila namba utalaumu risasi, mafuta, hata mvua.

Kisogo_Tuta
Nyie mnaongelea holsta na hakuna aliyemwambia habari ya nyundo. P-07 ya kishushio ina triga mbili ndani ya bastola moja. Risasi ya kwanza, nyundo ikiwa chini, triga ni ndefu na nzito. Ya pili na kuendelea ni fupi na nyepesi. Wengi hupiga ya kwanza chini kushoto (kwa wanaotumia mkono wa kulia) kwa sababu wanaikwapua, halafu ya pili inatoka kabla hawajawa tayari. Ukifanya mazoezi ya kusimama tu na nyundo juu hutaijua kabisa hiyo ya kwanza, na kwenye maisha halisi ndiyo utakayoanza nayo.

Kwa hiyo kila unapomaliza kupiga, mpangilio ni huu: kidole nje ya triga, kimenyooka juu ya fremu. SHUSHA NYUNDO kwa kishushio. Angalia. Ndipo urudishe kwenye holsta. Kusahau hatua ya pili ndilo kosa kubwa la wenye bastola ya aina hii, maana unarudisha triga nyepesi kwenye holsta ukiwa umechoka saa tisa alasiri. Na usishushe kwa kuvuta triga huku dole gumba limeshika nyundo. Kishushio kipo, kitumie.

Renji_Kavu
Hapo Kisogo kasema kweli. Naongeza: ajali za mtu kujipiga paja hutokea sana wakati wa kurudisha kuliko wakati wa kuchomoa. Hakuna mkufunzi anayekupima muda wa kurudisha. Simama, angalia holsta kwa macho, sogeza shati, rudisha polepole. Ukihisi kitu kinazuia USISUKUME. Toa, angalia ni nini. Mara nyingi ni kamba ya koti au ncha ya shati.

Kuchomoa kwenyewe ni hatua nne, jifunze moja moja:

Moja: mkono wa kushoto unainua shati mpaka kifuani na kubaki hapo. Wa kulia unashika bastola juu kabisa ya mpini, mshiko kamili, ikiwa bado ndani ya holsta. Ukishika vibaya hapa utapiga vibaya huko mbele, hakuna muda wa kurekebisha.
Mbili: vuta moja kwa moja juu mpaka mtutu utoke, geuza uelekee shabaha, bastola ikiwa imebana mbavu.
Tatu: mikono inakutana mbele ya kifua. Mkono wa kushoto usipite mbele ya mtutu hata kidogo, ndiyo maana ulibaki kifuani.
Nne: sukuma mbele. Kidole kinaingia kwenye triga vilengeo vinapofika kwenye shabaha, si kabla.

Madole gumba yote yakae upande wa kushoto yakielekea mbele. La kushoto likivuka kwenda nyuma ya slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila risasi ikilia), slaidi itakuchana kipande cha nyama.

Mama_Duka
Asanteni sana. Nyundo ilikuwa inanisumbua kimoyomoyo, sikujua hata kuiulizia. Mazoezi ya nyumbani je? Na mimi sivai suruali kila siku, wakati mwingine ni gauni na mkoba.

Fundi_Chuma
Nyumbani: dakika kumi kwa siku, siku tano kwa wiki. Risasi zote, zilizo kwenye magazini na zilizo kwenye boksi, zibaki chumba kingine. Kagua chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) kwa macho na kwa kidole, mara mbili. Elekea ukuta unaoweza kuzuia risasi kweli, wa mawe. Mbao na jipsamu hazizuii. Bandika karatasi ndogo, weka risasi bandia ya plastiki kwenye chemba, chomoa mara 20 polepole, kila mara ukianza na nyundo chini ili uzoee ile triga nzito. Kilengeo cha mbele kisitikisike nyundo inapoanguka. Sarafu juu ya slaidi karibu na kilengeo ni kipimo kizuri, isianguke.

Ukimaliza sema kwa sauti "nimemaliza", ondoka chumbani. "Moja tu ya mwisho" baada ya kurudisha risasi ndiyo inayotoboa televisheni za watu.

Simba_wa_Pwani
Kuhusu mkoba: kwenye mafunzo anza na mkanda, hata kama utabeba kwenye mkoba baadaye. Kuchomoa mkobani kunauelekeza mtutu kwa wenzako pembeni, wakufunzi wengi hawaruhusu siku ya kwanza. Vaa suruali ngumu na shati refu la kufunika. Mkoba wa kubebea bastola uwe na mfuko wake peke yake, na ndani yake holsta ngumu inayofunika triga. Bastola ikilala pamoja na funguo na kalamu, unatafuta balaa. Huku Mombasa kina dada wa buibui huvaa mkanda ndani, ila buibui lipasuliwe pembeni au lifunguke mbele, na mazoezi yafanywe na vazi lenyewe, si tracksuti.

Chuma_Moto
Shati la kola ya kubana shingo!! Ganda la risasi la moto likiingia kifuani mtu anasahau ameshika mguu wa kuku na kuanza kucheza ngoma. Kofia yenye ukingo pia. Viatu vya kufunika.

Kisogo_Tuta
Masikio vaa mara mbili: vizibo vya povu ndani, headifoni za kuzuia kelele juu. Sio tu kwa ajili ya masikio. Mlio wa jirani ndio unaokufundisha kufumba macho kabla ya risasi yako. Miwani iliyofunika pembeni.

Jambo lingine watakalofundisha ni kukwama. Ukisikia "tik" bila mlio: gonga kitako cha magazini, vuta slaidi mpaka mwisho uiachie, endelea. Ganda likibanwa na slaidi na kusimama kama bomba la moshi, dawa ni hiyo hiyo. Risasi mbili zikigombea chemba: funga slaidi nyuma, ng'oa magazini, vuta slaidi mara tatu, magazini nyingine, vuta tena. P-07 inakuruhusu kuvuta triga mara ya pili juu ya risasi iliyokataa. Usijizoeze hivyo, ikikataa mara moja itoe.

Renji_Kavu
Na hapo kuna tofauti mbili. Kwanza, ukiwa unapiga karatasi polepole peke yako na risasi ikikataa, subiri sekunde 30 mtutu ukielekea kwenye tuta la udongo la kuzuia risasi, inaweza kuwa imechelewa tu. Gonga-vuta ni ya zoezi la kujihami. Pili, na hii ishike sana: ukisikia "pufu" dhaifu na bastola haikukupiga teke, SIMAMA. Usigonge, usivute. Inawezekana kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua. Inua mkono wa kushoto, mwite mkufunzi.

Wakili_wa_Mtaa
Mambo ya sheria kwa ufupi. Cheti chako kinataja idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na unazoruhusiwa kuwa nazo kwa wakati mmoja. Kabla ya kukusanya 300, soma hiyo idadi. Ikiwa ndogo, muulize mkufunzi jinsi ya kupata za mazoezi uwanjani na kuzimaliza pale pale. Cheti kiwe mfukoni siku zote mbili. Usimwachie mwenzako bastola "aonje kidogo".

Kuhusu kujihami: kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu (Sura 63) kinapeleka suala hili kwenye misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza. Kwa lugha ya dukani, nguvu uliyotumia ilingane na hatari uliyoamini kwa dhati ipo wakati ule. Jambazi aliyekugeuzia kisogo na kukimbia na pesa, hatari kwako imekwisha. Mafunzo yasiyogusa hili hata saa moja yana kasoro, haijalishi mnapiga risasi ngapi.

Mama_Duka
Sawa. Kwa hiyo holsta ngumu, mkanda, magazini ya tatu, shati la kola, dakika kumi kila jioni nyundo ikiwa chini. Nailoni naibeba kama akiba?

Fundi_Chuma
Hapana. Ukiibeba utaitumia.

Mafuta nayo: tone moja moja kwenye reli za slaidi, pande zote. Kwenye chemba usiweke. Ukilowesha sana, vumbi la uwanjani linageuka ugali. Leta chupa ndogo, risasi 150 kwa siku zitalikausha.

Simba_wa_Pwani
Ukifika usishike bastola kwenye maegesho kuonyeshana. Kuna meza ya usalama, pale unaruhusiwa kugusa bastola lakini risasi HAPANA, hata ya plastiki. Ukivunja hiyo unarudishwa nyumbani kabla hujapiga hata moja.

Chuma_Moto
Baadaye nenda uangalie mashindano ya IDPA (mchezo wa bastola za kujihami) pale Kirigiti. Lile jaribio lao la risasi 25 kutoka yadi 10 (tano mikono miwili, tano mkono mmoja, kumi na kubadilisha magazini katikati, nne mwilini na moja kichwani) ni kipimo kizuri. Kila pointi uliyopoteza ni sekunde moja juu ya muda wako. Fanya mara moja kabla ya mafunzo na mara moja mwezi baadaye.

Kisogo_Tuta
Kabla ya mafunzo asianzie holsta, hajui kuchomoa bado. Aanze bastola ikiwa mkononi, imeelekea chini nyuzi 45, aandike muda. Baadaye aanzie holsta.

Mama_Duka
Nimepiga simu. Uwanja baridi, wanafunzi wanane kwa wakufunzi wawili, gari lipo. Risasi zinapatikana pale. Swali la mwisho: watoto nyumbani, nguo nazifanyaje?

Renji_Kavu
Usile wala kuvuta sigara uwanjani. Osha mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya chakula, maana vumbi la risasi lina madini ya risasi yenyewe (lead), ambayo ni sumu. Viatu viache nje ya mlango, nguo zifuliwe peke yake, oga kabla ya kuwabeba watoto.

Mama_Duka
Nimeagiza holsta. Itafika Alhamisi.

Fundi_Chuma
Ikifika, ule mtikiso wa juu ya kitanda ufanye na bastola TUPU.