Wakusanyaji wa sarafu Dodoma, mnanunua sarafu au mnanunua kasha la plastiki??

Wakuu leo nimekasirika na naomba mnivumilie maana hili jambo nimelibeba toka mwezi uliopita.

Nina sarafu ya Mjerumani, hela 20 ya Tabora ya mwaka 1916, ile ya njano yenye taji na herufi T, niliinunua Manyoni kwa mzee mmoja aliyekuwa ameihifadhi kwenye kopo la kahawa pamoja na vifungo vya koti. Jamaa mmoja wa Area C akaja nyumbani, akaishika, akaigeuza geuza pale kibarazani kama robo saa nzima, akasema mwenyewe kwa mdomo wake laki tatu anatoa, ila kwanza niitume kwa kampuni ya Marekani wakaipe gredi, yaani namba ya hali yake, na kuifungia kwenye kasha la plastiki "ili tuwe na uhakika". Nikakubali. Ada, posta, bima, na mtu wa kati naye anataka chake, jumla imenitoka karibu laki nne, yaani zaidi ya bei ya sarafu yenyewe, na nikasubiri miezi mitano.

Imerudi kwenye kasha lao imeandikwa 45. Jamaa kuiona tu hiyo namba akasema laki moja, basi. Sarafu hakuiangalia hata kidogo! Kasoma karatasi kaondoka.

Sasa nisikilizeni, ile namba inatoka kwenye mizani ya 1 mpaka 70 ambayo Mmarekani mmoja anaitwa Sheldon aliitoa mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao huko. Sarafu zetu za Tabora hazikupigwa kiwandani Berlin, zilipigwa kwenye karakana ya reli, reli ya kati hii hii inayopita hapa mjini, vita imepamba moto, meli za Waingereza zimefunga bahari hakuna sarafu zinazoingia toka Ujerumani, Wajerumani wanafukuzwa na mwezi wa tisa mwaka huo huo Wabelgiji wakauchukua mji. Unategemea zitoke zimekolea kama za kiwanda kikubwa? Nyingi zimetoka na chapa hafifu, katikati ya taji pamelala toka siku ya kwanza. Mtu aliyezoea sarafu za kwao akiona pamelala anaandika imechakaa, kamaliza, anachukua nyingine.

Kumbe kutofautisha ni kazi ya macho tu. Ichukue sarafu asubuhi, simama juani, iinamishe taratibu. Kama imechakaa kwa kushikwa shikwa basi pale palipolala panakuwa pamekufa, hapana mng'ao. Kama ni chapa hafifu ule mng'ao unapita juu ya pale palipolala unaenda mpaka pembeni bila kukatika. Yangu unapita! Nimewaonyesha watu watatu pale Sabasaba na wote wameona, mmoja wao hata sio mtu wa sarafu ni fundi saa.

Nikalipasua kasha. Ndugu yangu alikuwa anasafiri kwenda huko nikampa aipeleke tena, kampuni ile ile, sarafu ile ile, sijaigusa hata kwa kitambaa. Imerudi 55. Na jamaa wa Area C sijui kaambiwa na nani, kanipigia simu anasema ile laki tatu bado ipo na anaweza kuongeza. Yaani hapo ndo nilipochemka kabisa. Kitu gani kimebadilika kwenye ile sarafu??

Sisemi hao wa gredi hawana kazi. Ukiwa na ile sarafu ya dhahabu ya Mjerumani ya rupia 15 yenye tembo, ambayo dhahabu yake ilitoka Sekenke hapo Singida, au riali ya Zanzibar ya 1882, peleka, maana feki zimejaa na hapo unalipia kujua kama ni ya kweli. Ingawa hata hayo makasha yenyewe siku hizi yanafekiwa na lebo zake, kwa hiyo hata hapo usifumbe macho. Ila kijana anayeanza leo na senti kumi za tundu za mkoloni mnamwambia haina thamani mpaka iende Marekani, mnamuua huyo. Ada peke yake inanunua senti za tundu kopo zima.

Na neno hela lenyewe tunalotamka kila siku sokoni limetokana na sarafu hizi hizi za Mjerumani, halafu sisi tuliozikuta kwenye makopo ya babu zetu ndo hatuaminiki kuziangalia?

Kasha la pili nalo nimelipasua jana. Sarafu ipo kwenye bahasha ya karatasi. Wewe wa Area C najua unausoma huu uzi, siuzi kwa simu, njoo na lenzi yako saa tatu asubuhi jua likiwa limetoka, uiangalie, halafu utaje bei.