Developa anamchangia diwani anayempitishia ghorofa, hii si rushwa?

Kibopa wa Magomeni

Wakuu salaam. Niko Los Angeles miaka kibao, uraia nimeupata juzijuzi na uchaguzi ujao wa jiji ndo nitapiga kura kwa mara ya kwanza, kwa hiyo nimeanza kuwafuatilia hawa madiwani wao. Hapa diwani sio mtu wa kumchukulia poa kama kule kwetu, jiji lina watu karibu milioni 4 na madiwani ni 15 tu, yaani mmoja anabeba watu laki mbili na nusu na ushee, hiyo kwetu ni mbunge tena wa jimbo kubwa.

Sasa nimekutana na kesi ya José Huizar nikabaki nimeduwaa. Jamaa kazaliwa Mexico, kakulia Boyle Heights mtaa wa walalahoi, kapambana hadi akasoma Princeton, kaingia baraza la jiji 2005, baadae akawa mwenyekiti wa kamati ya mipango miji na matumizi ya ardhi na jimbo lake ndo hilo lenye sehemu kubwa ya downtown, yaani katikati ya jiji. Ghorofa lolote la maana lazima limpitie yeye mara mbili, kama diwani na kama mwenyekiti. Novemba 2018 FBI wakaingia kwake wakakuta keshi dola 129,000, akakamatwa Juni 2020, akakiri makosa, na Januari 2024 kapigwa miaka 13.

Hapo naelewa, keshi ndani ya nyumba ni rushwa haina mjadala. Ila kinachonichanganya ni hiki, hao hao madevelopa, matajiri wanaojenga maghorofa, walikuwa wanachangia kampeni za wanasiasa wa jiji kihalali kabisa, majina yapo, kiasi kipo, kila mtu anaona mtandaoni. Mtu ana faili lake mezani kwa diwani, anamchangia diwani huyohuyo, halafu faili linapita. Mstari kati ya mchango na rushwa uko wapi? Na kwa nini wanaruhusiwa? Wajuzi wa mambo nisaidieni, matusi ya vyama vyetu pelekeni jukwaa la siasa.

---

Wakili wa Mtaani

Mkuu swali zuri. Kisheria mstari ni makubaliano. Ukimpa diwani hela kwa sababu unampenda au unapenda sera zake ni mchango, ukimpa ili akupitishie kitu fulani na yeye akajua ndo sababu, ni rushwa, hata kama ulilipa kwa cheki na risiti ukapewa. Tatizo ni kwamba hayo makubaliano mtu hayaandiki, kwa hiyo waendesha mashtaka wasiponasa simu au meseji au asipopatikana mtu wa ndani wa kuongea, inabaki "namuunga mkono kiongozi mwenye maono".

Kwenye kesi ya Huizar mtu wa ndani alipatikana, msaidizi wake mwenyewe alikiri kosa akageuka shahidi. Na mambo yalikuwa mazito. Kulikuwa na bilionea wa Kichina Wei Huang aliyekuwa anamiliki hoteli downtown, alitaka kuigeuza ghorofa 77, ingekuwa ndefu kuliko majengo yote ya Marekani upande wa magharibi wa mto Mississippi. Safari za Las Vegas zikaanza, ndege binafsi, hoteli, na chipsi za kasino (sio za mayai hizi). Halafu mwanamke aliyefanya kazi ofisini kwa Huizar akamshtaki kwa unyanyasaji wa kingono wakati uchaguzi umekaribia, Huang akaweka dhamana ya dola 600,000 ili diwani apate mkopo wa kumaliza kesi kimyakimya. Kampuni ya Huang ilikutwa na hatia 2022 ikapigwa faini dola milioni 4, yeye mwenyewe alishakula kona. Aliyekuwa naibu meya, Raymond Chan, naye alikutwa na hatia 2024 akapewa miaka 12.

Lakini kwa swali lako tamu zaidi ni ile ya mtaa wa Arts District, jengo la ghorofa 35. Jiji lilitaka sehemu ya nyumba ziwe za watu wa kipato cha chini, Huizar akasaidia kushusha hilo sharti, na waendesha mashtaka wakakadiria developa aliokoa kama dola milioni 14. Kwa upande wa pili developa akatoa dola 50,000 kwa kamati ya kisiasa iliyoandaliwa kumsaidia mke wa Huizar arithi kiti chake. Angalia hapo, hakuna bahasha wala kasino, ni kamati iliyosajiliwa. Kampuni haikushtakiwa, ilimalizana na serikali kwa kulipa dola milioni 1.2. Sasa piga hesabu, unatoa 50,000 unaokoa milioni 14, biashara gani nyingine inalipa hivyo??

Na kwa nini ikawa kamati na sio mfuko wa mgombea? Kwa sababu mtu mmoja kumchangia mgombea udiwani hapo LA kuna ukomo, wakati huo haukufika hata dola elfu moja. Kamati huru, yaani zisizoendeshwa na mgombea, hazina ukomo huo, ulinzi wao unatokana na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 2010, ile ya Citizens United, iliyosema serikali haiwezi kuzuia kampuni kutumia hela zake kwenye kampeni huru.

---

Kibopa wa Magomeni

Aisee kumbe. Sasa kama ukomo ni mdogo hivyo si inasaidia kidogo? Developa mmoja na dola mia kadhaa zake atamtisha nani.

---

Dada wa Sepulveda

Inasaidia wapi kaka. Tafuta habari za Sea Breeze, mradi wa nyumba 352 za kupanga kule Harbor Gateway, kusini mwa jiji, dola milioni 72, eneo lenyewe lilitengwa kwa viwanda. Tume ya mipango miji ya jiji ikaukataa, baraza la jiji likaupitisha hivyohivyo. 2016 gazeti la Los Angeles Times likafuatilia michango likakuta zaidi ya dola 600,000 zimeenda kwa wanasiasa kutoka kwa watu wenye uhusiano na yule developa, na ukienda kugonga milango yao unakuta wengine ni watu wa vipato vya kawaida kabisa, na wapo waliosema hata hawakumbuki kuchangia. Yaani ukomo upo ila unagawa mzigo kwa majina mengi, kila jina linabeba kafungu kadogo halali. Mimi nakaa hukuhuku naona vipeperushi vinavyoingia kwenye boksi la barua wakati wa kampeni, karatasi nzito ya kung'aa, nani analipia? Sio mimi na shifti zangu mbili.

Baada ya aibu hizo Desemba 2019 baraza likapitisha sheria, developa mwenye ombi kubwa la ujenzi jijini haruhusiwi kuchangia meya wala diwani tangu anapopeleka ombi hadi miezi 12 baada ya uamuzi. Ila utekelezaji wakausogeza hadi 2022, si unajua tena, mtu hajifungii duka lake siku ya mnada. Na haigusi zile kamati huru alizosema Wakili.

---

Fundi Chuma

Mimi nafanya kazi za ujenzi California na nitawaudhi kidogo. Mnawaongelea madevelopa kama majambazi wakati jiji halina nyumba, watu wanalala kwenye mahema na kodi ya chumba kimoja inamaliza mshahara. Mtu anayejenga lazima aongee na diwani kwa sababu SHERIA ya matumizi ya ardhi ya pale imepitwa na wakati, ramani inasema hapa gereji pale kiwanda, hivyo kila jengo la maana linahitaji kuombewa msamaha maalum. Ukimzuia developa kuchangia wanaobaki na sauti ni nani? Wenye nyumba zao wasiotaka ghorofa jirani, nao wanachanga na wanapiga kura kila uchaguzi. 2017 kulikuwa na kura ya maoni inaitwa Measure S, ya kusimamisha kwa miaka miwili miradi inayohitaji kubadilishiwa masharti, waliileta kwa gia hiyohiyo ya kupinga madevelopa na hela zao. Wananchi wakaipiga chini kwa mbali. Na hata hao wapinga hela walikuwa na mfadhili wao mkubwa, shirika la huduma za UKIMWI lenye makao palepale. Kwa hiyo hela ziko pande zote.

---

Mzaramo Chicago

Fundi umegusa penyewe ila umegeuzia kona. Hela inafuata uamuzi. Kama diwani mmoja ndo mwenye kusema ndiyo au hapana kwenye kiwanja cha mamilioni, mkono mtupu haulambwi, watampelekea tu, utafunga mlango wa kampeni wataingilia wa mke, shule, kanisa, timu ya mpira ya watoto.

Huku Chicago tuna madiwani 50 na kuna mazoea ya siku nyingi, hayajaandikwa popote, kwamba kwenye kata yake diwani ndo mwisho wa maneno kwenye mambo ya ardhi, wenzake wanapiga kura anavyotaka yeye ili nao kesho waachiwe za kwao. Matokeo yake ni mzee Ed Burke, diwani tangu 1969 hadi 2023, na pembeni alikuwa na ofisi ya uwakili iliyokuwa inasaidia matajiri kupunguziwa kodi za majengo. Unaona ilivyokaa? Hakuomba bahasha, aliomba uwe mteja. Kuna jamaa walikuwa wanakarabati Burger King kwenye kata yake, kibali kikakwama kwanza wakati yeye anatafuta hiyo kazi ya kodi. Kwenye mradi wa posta ya zamani alinaswa akimuuliza diwani mwenzake Danny Solis kama yule samaki tuna, yaani mteja, wameshamvua, kumbe Solis mwenyewe alikuwa anarekodi kwa niaba ya FBI. Desemba 2023 akakutwa na hatia mashtaka 13 kati ya 14, akapewa miaka 2, watu tulisema kidogo mno lakini basi.

Meya Lightfoot siku ya kwanza ofisini 2019 alisaini amri ya kupunguza haya mazoea, ila upande wa kubadilisha matumizi ya ardhi haukuguswa maana hapo ni kura ya baraza lenyewe, na ndo kwenye nyama.

Dawa kwangu ni kumtoa diwani kwenye mchakato. Huko LA kwenu meya Karen Bass Desemba 2022 alitoa agizo kwamba mradi wa nyumba za bei nafuu kwa asilimia 100, ukitimiza masharti yaliyoandikwa, unapitishwa na maofisa ndani ya siku 60, haupigiwi kura na baraza. Maombi yakamiminika. Pale developa amchangie nani na kwa lipi?

---

Wakili wa Mtaani

Nakubaliana nusu. Masharti yaliyoandikwa yanaandikwa na nani? Baraza hilohilo. Watahamia kule kwenye kuyaandika, tena mapema na kwa mpangilio.

---

Bibi Newcastle

Salaam kutoka Australia. Sisi jimbo la New South Wales tulishapiga marufuku michango ya madevelopa tangu mwisho wa 2009, sio kwa mwenye ombi tu, developa yeyote, kwa chama chochote. Mkadhani mambo yameisha? 2012 hapa Newcastle tukamchagua meya Jeff McCloy, ambaye yeye mwenyewe NI developa. Kuchangia marufuku, kugombea ruksa. 2014 kwenye uchunguzi wa tume ya kupambana na rushwa ikaibuka kwamba kabla ya uchaguzi wa jimbo wa 2011 aliwapa wagombea keshi za maelfu ya dola, wengine wameketi ndani ya Bentley yake. Akasema alijiona kama ATM inayotembea jinsi wanasiasa wanavyomfuata, kisha akajiuzulu umeya. Akaenda mahakamani kudai ile marufuku inavunja katiba, 2015 Mahakama Kuu ya Australia ikamwambia hapana, sheria iko sawa.

Nilichoona mimi ni kwamba marufuku ilifanya kazi moja kubwa, bahasha ilipokutwa hakukuwa na haja ya kuthibitisha makubaliano. Ilitosha kwamba katoa na yeye ni developa. Kwa mazingira ya Wakili ya "meseji au shahidi wa ndani" hiyo ni tofauti kubwa sana, kwa hiyo msiidharau.

---

Otis wa Kilimani

Wadau mnaongea mambo ya majuu, sisi Nairobi tunawasoma tu. Sheria yetu ya kudhibiti fedha za kampeni ni ya 2013 na uchaguzi unakuja uchaguzi unaenda bila kuanza kufanya kazi kikamilifu, wabunge wenyewe ndio huikalia. Sasa hapo utajua developa gani alimpea nani ngapi? Huwezi. Hapa Kilimani na Kileleshwa nyumba za familia moja zimebomolewa, apartments zimeota kila mahali, maji ya mfereji shida, sewer zimezidiwa, na ukiuliza nani aliidhinisha change of user, yaani kubadilisha matumizi ya kiwanja, unazungushwa kaunti mpaka uchoke. Huyo Kibopa analalamika ati majina yako mtandaoni, huo kwangu ni utajiri, nipe hiyo list tu nitaanza nayo.

---

Dada wa Sepulveda

@Kibopa kwa sababu umeuliza kama mpiga kura, ingia tovuti ya Tume ya Maadili ya jiji la LA, City Ethics Commission, michango ipo pale, unatafuta kwa jina la mgombea au la mchangiaji, kila mchangiaji ameandikiwa mwajiri na kazi. Mimi huwa naanza na waajiri. Ukiona ofisi moja imetoa watu kumi wiki moja, na wote wametoa kiasi cha juu kabisa kinachoruhusiwa, fungua ukurasa wa pili uangalie hiyo ofisi ina ombi gani idara ya mipango miji. Za kamati huru ziko sehemu yake, usichanganye. Na angalia nani kaingia mpango wa jiji wa kuongezea michango midogo, ukichangiwa dola moja na mkazi jiji linaongeza 6 kwa zinazostahili, ingawa mgombea kuwa kwenye mpango hakuzuii kamati huru kumpigia debe.

---

Kibopa wa Magomeni

Nimeingia dada, nimetafuta diwani wa kwangu. Kuna kampuni ya uwakili sikuwahi kuisikia watu wake saba wamechangia siku moja, na hao sio madevelopa, ni mawakili wa matumizi ya ardhi. Hiyo sheria ya 2019 inawabana na wao au wanapita pembeni? Wakili uko wapi.