Msaada jamani: mwanga wachezea vioo vya fuwele kwenye leza, nielezeje hii kwa semina?

binti_kisauni: Wadau habari zenu, niko hapa Mombasa nasoma masters ya fizikia na nina semina karibuni, mada ni zile leza zilotulia kabisa za kuendeshea saa za atomu. Kaviti naielewa, vioo viwili vimetazamana, urefu ukitingishika na frikwensi yatingishika. Pia naelewa mbona tangu 2013 watu wanazipenda tabaka za fuwele za GaAs na AlGaAs (semikondakta za galiamu na aseniki, ya pili ina alumini pia) za kupaka vioo, mtetemo wake wa joto ni mdogo kuliko zile za oksaidi. Nakwama hapa: yasemwa mwanga wenyewe wabadilisha vile vioo, lakini leza ya 1542 nm fotoni yake (punje moja ya mwanga) ina nishati kama 0.8 eV, na GaAs yataka 1.42 eV ndio ianze kumeza mwanga. Sasa mwanga usiomezwa wabadilishaje kioo??

baharia_likoni: Hilo ni jua la Mombasa limeingia kwa kioo 😂 haya tuwapishe wenye kujua

fundi_leza: Dada usiseme haumezwi, sema wamezwa kidogo mno. Mle ndani mwanga waenda ukirudi maelfu ya mara, ukiingiza kidogo tu pale kwa kioo wakuta umerundikana. Lakini semina usiijenge hapo, chanzo chenyewe watu bado wabishana. Jenga kwa kinachoonekana. Fuwele ina mielekeo miwili, kwa hivyo mstari mmoja wa kaviti (ile frikwensi inayokubaliwa na kaviti) wagawanyika ikawa miwili, kila mmoja na polaraizesheni yake (upande mwanga unaotetemea), na ukiongeza au kupunguza nguvu ya mwanga pengo baina yao labadilika. Ingekuwa ni joto tu mistari yote ingesukumwa upande mmoja. Hiyo grafu ichore ubaoni kubwa.

binti_kisauni: Ahsante kaka. Kwa hivyo nguvu ya leza ikishikiliwa pale pale mambo yameisha?

fundi_leza: Wapi! Maabara za JILA ya Marekani na PTB ya Ujerumani walipima kaviti za silikoni zenye vioo hivyo kwa baridi kali ya 124 K (kelvini), 16 K na 4 K, wakakuta ile mistari yacheza yenyewe, mmoja ukipanda mwenziwe ashuka. Dawa ni kusoma yote miwili pamoja uchukue wastani, nois hiyo (huko kutingishika ovyo) yafutika sehemu kubwa. Ila kuna nois nyengine yapiga mistari yote miwili sawasawa, hiyo wastani hauifanyi kitu.

mwalimu_tudor: Na hesabu za eV ziweke za maswali, ukianza nazo watu watasinzia.

binti_kisauni: Sawa mwalimu 🙏 na mbona 124 K hasa?

fundi_leza: Silikoni hapo joto likibadilika kidogo haitanuki wala hainywei, kwa hivyo urefu wa kaviti watulia.